Waliochumia Juani

Mwaka 1934 wanawake wa Uingereza walipanda meli kwenda Australia kucheza kriketi. Nauli walijilipia wenyewe. Desemba ya mwaka huo, mjini Brisbane, ikachezwa mechi ya kwanza ya kimataifa ya wanawake. Mwaka 1973 wakawa na Kombe lao la Dunia, miaka miwili kabla ya wanaume, kwa msaada wa tajiri mmoja, Jack Hayward.

Ligi za timu za kulipwa zilikawia. Australia ilianzisha yake mwaka 2015. Mwaka 2023 ikaja ya India: timu tano ziliuzwa kwa wenye mitaji kwa zaidi ya rupia bilioni 46, na katika mnada wa wachezaji, Mumbai, Smriti Mandhana alipata bei ya rupia milioni 34.

Wapo wasemao kwamba fedha ndiyo iliyowafundisha wanawake kriketi. Sivyo. Mchezo ulikuwapo, aliyekosekana ni mnunuzi. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawa walichuma, wakala wajukuu. Kwa hiyo bei hizi, kwangu mimi, si hisani. Ni deni, na wengi waliolidai hawakuwapo siku lilipolipwa.