Komeo la Inter lilifunguliwa na mabeki

Mpenzi msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, leo naanza na kelele ambazo sote tumezisikia uwanjani. Mchezo umefika dakika ya 70. Timu ya nyumbani inashambulia tangu kipenga cha kwanza, wageni wamerudi nyuma wote kumi, na bao halipatikani. Hapo ndipo jukwaa linapoanza kumtafuta mchawi, na mchawi mwenyewe huwa ni yule yule. "Mtoe namba tisa huyo! Ingiza fowadi mwingine!" Kocha naye husalimu amri. Anamtoa beki wa pembeni, anaongeza mshambuliaji wa tatu. Matokeo yake ni nini? Mafowadi watatu na mabeki saba wanabanana ndani ya kumi na nane kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni, na mpira unakosa pa kupita.

Nakiri kwamba hata mimi, nikiwa na kipaza sauti mkononi, nimewahi kuungana na jukwaa. Siku moja nilimlaumu namba tisa hewani kwa dakika nyingi. Baada ya mchezo kijana yule alinifuata, hakunitukana, akaniuliza tu: "Kaka, ulitaka nipite wapi?" Sikuwa na jibu. Leo najaribu kumjibu, na jibu lenyewe nimelikuta katika historia.

Siku hizi mashabiki husema timu "imepaki basi". Msemo huo ulivuma baada ya Septemba 2004, wakati José Mourinho, aliyekuwa kocha wa Chelsea, alipolalamika kwamba Tottenham walikuja na basi lao wakaliegesha mbele ya goli. Mchezo huo ulikwisha bila ya bao. Lakini jambo lenyewe ni la zamani kuliko msemo.

Katika miaka ya 1930 alikuwako kocha mmoja Mwaustria, Karl Rappan, aliyefanya kazi Uswisi. Rappan aliona kwamba vijana wa nchi ile ndogo hawawezi kupimana nguvu na mataifa makubwa kwa kucheza mtu kwa mtu uwanja mzima. Akapanga timu irudi nyuma, na nyuma ya walinzi akabakiza mtu mmoja wa ziada, asiyemkaba yeyote, kazi yake kufagia kila kinachopenya. Mfumo huo uliitwa kwa jina la Kifaransa lenye maana ya komeo. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1938, mjini Paris, Uswisi iliwatoa Wajerumani kwa mabao 4-2 katika mchezo wa marudiano, baada ya sare ya 1-1. Wajerumani wale walikuwa wamekwisha kuongezewa wachezaji wa Austria, nchi ambayo Hitler alikuwa ameimeza miezi michache kabla.

Kwa hiyo tusiharakishe kuwacheka wanaojihami. Komeo lilianza kama silaha ya mnyonge, na mnyonge ana haki ya kufunga mlango wake.

Mambo yalibadilika komeo lilipoingia katika nyumba za matajiri. Italia ililipokea na kuliita kwa lugha yao catenaccio. Nereo Rocco alilitumia kwanza na Triestina, timu ndogo, na mwaka 1963 akatwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya akiwa na Milan. Halafu akatokea Helenio Herrera, mzaliwa wa Argentina aliyekulia Morocco, akaifundisha Inter. Herrera alikuwa na fedha na wachezaji wa kila aina, lakini akachagua kufunga mlango vile vile. Armando Picchi alisimama nyuma kama mfagiaji, mbele yake kila beki na mtu wake, na bao moja lilitosha. Inter ikawa bingwa wa Ulaya mwaka 1964 na 1965. Makocha wengi wakaanza kuamini kwamba huo ndio mwisho wa elimu ya kandanda: pata bao moja, kisha lala juu yake.

Mei 25, 1967, mjini Lisbon, Ureno, Inter iliingia fainali ya kombe hilo ikikutana na Celtic ya Glasgow, Uskoti. Celtic ilifundishwa na Jock Stein, mtu aliyewahi kuchimba makaa ya mawe. Wachezaji wake wote kumi na mmoja walizaliwa katika eneo la maili zisizozidi 30 hivi kutoka uwanja wao wa nyumbani. Kabla ya hapo hakuna timu ya Uingereza wala Uskoti iliyowahi kulichukua kombe lile.

Katika dakika ya saba Inter ilipata penalti, na Sandro Mazzola akatia kimiani. Kwa mashabiki waliozoea kuiona Inter ikicheza, hesabu ilikuwa imefungwa. Inter ilirudi nyuma, ikateremsha komeo.

Sasa tazama alichofanya Stein. Hakurundika mafowadi. Winga wake wa kulia alikuwa Jimmy Johnstone, kijana mfupi mwenye nywele nyekundu na chenga za kuudhi. Winga wa kawaida angebaki kwenye chaki kumsubiri beki wake. Johnstone aliacha pembe yake, akaingia katikati, akarudi nyuma kuchukua mpira, akazunguka. Tarcisio Burgnich, beki hodari aliyepewa kazi ya kumkaba, alilazimika kumfuata. Washambuliaji wa kati, Steve Chalmers na Willie Wallace, nao hawakusimama mahali pamoja. Walivuta walinzi wao huku na huku. Kila beki wa Inter aliyetii amri ya kocha wake na kumfuata mtu wake, aliacha nafasi wazi nyuma yake.

Ni nani aliyeingia katika nafasi hizo? Ni mabeki wa pembeni wa Celtic, Jim Craig kulia na Tommy Gemmell kushoto. Na hii ndiyo siri ya hesabu nzima. Mlinzi wa mtu kwa mtu amepewa jina la kukaba: wewe na namba saba, wewe na namba tisa. Namba mbili na namba tatu hawamo katika orodha. Wakipanda, hawana mtu wa kuwakaba, na mfagiaji ni mmoja tu. Akienda kulia, kushoto kuna mwanya. Akienda kushoto, kulia kuna mwanya.

Hata hivyo bao halikuja upesi. Mpira uligonga mtambaa panya mara mbili, mmoja wa Bertie Auld na mwingine wa Gemmell. Mlinda mlango Giuliano Sarti alipangua mashuti mengi mno. Hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu timu nyingi hupoteza subira na kuanza kubutua mipira mirefu. Celtic haikubadili njia.

Dakika ya 63, Craig alichanja mbuga upande wa kulia. Watu wote wa Inter walirudi kulinda goli, wakitegemea krosi. Craig hakupiga krosi. Aliurudisha mpira taratibu nje ya kumi na nane. Gemmell alifika akikimbia kutoka nyuma, akaachia kombora lililotikisa nyavu. Beki wa kulia alimpasia beki wa kushoto, na mbele ya mlango wa Inter komeo likavunjika. Mafowadi wote wa Celtic hawakugusa pasi ile ya mwisho, lakini bila wao mwanya ule usingekuwepo.

Zikiwa zimebaki dakika kama tano hivi, Gemmell alipanda tena kushoto na kuurudisha mpira kwa kiungo Bobby Murdoch. Murdoch akapiga shuti kutoka mbali. Chalmers, akiwa karibu na goli, aliunyoosha mguu na kuubadilisha mwelekeo. Mabao 2-1. Namba tisa aliyefanya kazi ya kuhangaika na kuvuta mabeki kutwa nzima, hatimaye alipata ujira wake kwa mguso mmoja.

Ni haki kusema pia kwamba Inter ilimkosa siku hiyo Luis Suárez, kiungo wake Mhispania, aliyekuwa majeruhi. Na ni haki kumkumbuka Giacinto Facchetti, beki wa kushoto wa Inter yenyewe, aliyefunga mabao 10 katika ligi ya Italia msimu wa 1965/66. Maana yake, Herrera aliijua dawa hii barabara. Aliitumia kwa wengine, mwishoni akanyweshwa yeye. Siku saba baadaye Inter ilifungwa 1-0 na Mantova na kuukosa ubingwa wa Italia, ukachukuliwa na Juventus. Mwaka uliofuata Herrera akaondoka.

Je, somo la Lisbon limezeeka? Angalia mwaka 2004. Ureno, ikiwa nyumbani, ilifungwa 1-0 na Ugiriki katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya, kwa kichwa cha Angelos Charisteas kilichotokana na kona. Ureno ilikuwa na Luís Figo pembe moja na kijana Cristiano Ronaldo pembe nyingine, chenga kwa chenga. Lakini krosi zao ziliangukia vichwa vya mabeki warefu. Miguel, beki wa kulia aliyekuwa akipanda kwa nguvu, aliumia na kutolewa kabla ya mapumziko. Sisemi kwamba hiyo peke yake ndiyo sababu. Nasema chenga za pembeni bila mtu anayetoka nyuma ni kelele tu.

Angalia tena Aprili 28, 2010, Inter ilipokwenda Barcelona katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Inter ilibaki na wachezaji kumi tangu dakika ya 28, ikajifungia ndani. Barcelona ilikuwa na Lionel Messi na ilianza na Zlatan Ibrahimović, fowadi wa thamani kubwa, lakini bao pekee la dakika ya 84 lilifungwa na Gerard Piqué, ambaye ni sentahafu aliyepelekwa mbele. Bao hilo halikutosha. Inter ilipita kwa jumla ya mabao 3-2. Hata hivyo, aliyefunga ni yule yule asiyekuwamo katika orodha ya kukabwa.

Basi, mpenzi msikilizaji, ukiniuliza ni mshambuliaji gani anayevunja ngome ya watu kumi, nitakutajia watu watatu. Wa kwanza ni mpiga chenga asiyeng'ang'ania mahali pake, anayewatoa mabeki kwenye nyumba zao. Wa pili ni yule anayetoka nyuma bila ya kukabwa, awe beki wa pembeni au kiungo mwenye shuti. Wa tatu ni namba tisa aliye tayari kukimbia mara hamsini bila mpira, ili mwenzake aupate mara moja. Mshambuliaji wa nne wa kusimama ndani ya kumi na nane na kungoja, huyo anamsaidia mpinzani kubana njia.

Na kwa yule kijana aliyeniuliza angepita wapi, nasema hivi. Hukuwa na pa kupita, mdogo wangu, kwa sababu siku ile hakuna aliyepanda kutoka nyuma yako, na kocha alikuwa amemtoa benchi beki pekee aliyejua kupanda. Kosa halikuwa lako. Lawama niliyokutupia hewani, naiondoa hewani pia.

Kwa leo naishia hapo. Majaliwa juma lijalo.