Betri Kavu: Namna ya Kuichaji na Kuitunza

Betri sasa ni kitu cha kawaida katika nyumba, madrasa na misikiti yetu Unguja na Pemba. Huwasha taa na feni umeme ukikatika, na husukuma vipaza sauti vya adhana. Nyingi hufa kabla ya wakati wake kwa kuchajiwa vibaya. Na betri ya msikiti imenunuliwa kwa michango ya waumini, hivyo ni amana kwa anayeisimamia. Kwa ajili hiyo tumeona tueleze yafuatayo.

Kilichomo ndani

Tumezoea kuiita betri kavu, lakini si kavu. Ndani mna vibamba vya risasi na tindikali, isipokuwa tindikali hiyo imenyonywa na nyuzi za kioo au imegandishwa mfano wa jeli. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja takriban volti 2. Ina vali ndogo za kutoa gesi shinikizo likizidi. Maji yanayopotea kwa njia hiyo hayarudishwi, kwani betri hii haifunguliwi. Ndiyo maana chaji iliyozidi huidhuru zaidi kuliko betri ya maji.

Kuchaji

1. Betri inayotumika na kuchajiwa kila siku, kama ya sola, huchajiwa kwa volti 14.4 hadi 14.7.

2. Betri inayokaa kwenye chaja muda wote ikisubiri umeme ukatike, iwekwe kwenye volti 13.5 hadi 13.8.

3. Ampea: sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake ni kiasi salama. Betri ya ampea-saa 100 ichajiwe kwa ampea 10.

4. Kontrola ya sola ipangwe kwa betri zilizofungwa. Mpangilio wa betri za maji huweza kupandisha volti kupita kiasi.

Yaliyoandikwa na kiwanda ubavuni mwa betri yakitofautiana na haya, fuateni ya kiwanda.

Matumizi na mahali pa kuiweka

Kujua hali yake, iacheni saa kadhaa bila chaji wala mzigo, kisha pimeni. Volti 12.8 imejaa, 12.2 imefika karibu nusu. Chini ya 12 imekwisha. Ni bora isishuke chini ya nusu, na ichajiwe siku ile ile. Ikiachwa tupu, salfeti ya risasi huganda juu ya vibamba na ikawa vigumu kuiondoa.

Joto nalo ni adui. Vipimo vya juu ni vya nyuzijoto 25, na kila zikiongezeka nyuzi 10, umri wa betri hupungua kwa karibu nusu. Basi isiwekwe juani wala juu ya dari chini ya bati. Iwekwe panapopita hewa, kwani gesi ya haidrojeni inayoweza kutoka huripuka kwa cheche. Vichwa vyake vifutwe na kupakwa grisi kidogo, maana hewa ya chumvi huvila.

Isipotumika, ijazwe, nyaya zitolewe, na ichajiwe tena kila miezi mitatu.

Betri iliyokufa

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Isipasuliwe nyumbani, wala risasi yake isiyeyushwe kutengeneza chubwi za nyavu. Moshi na vumbi la risasi huingia mwilini kimya kimya, huharibu ubongo wa mtoto na humdhuru mja mzito na aliyemo tumboni. Madhara hayo hayarudi nyuma. Isitupwe kisimani, shambani wala baharini. Iuzwe nzima kwa mnunuzi anayeipeleka kiwandani.

Sharia imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine, na faida ya chubwi chache haihalalishi kumtia sumu mtoto wa jirani.

Wallahu a'lam.