Masomo Tisa na Nyimbo za Noeli, Ibada ya

Ibada ya Kikristo ya mkesha wa Noeli, mashuhuri zaidi katika kanisa la King's College, Cambridge, Uingereza, ambamo masomo tisa ya Biblia, yaanzayo na kuanguka kwa Adamu na kukoma katika siri ya Neno kufanyika mwili, hupokezana na nyimbo za kwaya na za jamii yote iliyohudhuria. Asili yake ni Truro, katika Cornwall, ambako Askofu Edward White Benson aliuweka utaratibu wake mwaka 1880. Bali aliyeileta Cambridge mwaka 1918, vita vikuu vilipokwisha, ni Eric Milner-White, mkuu wa kanisa hilo, aliyepata kuwa kasisi wa askari na aliyetamani ibada yenye kuzigusa nyoyo zaidi.

Tangu 1919 hufunguliwa kwa wimbo uitwao "Once in Royal David's City", ambao ubeti wake wa kwanza mtoto mmoja huuimba peke yake, bila ala. Wasomaji hufuatana kwa daraja, kuanzia mtoto wa kwaya hadi mkuu wa chuo. Ahudhuriaye husimama na kuimba zilipo zamu zake, wala hapigi makofi, kwani hii ni ibada, si tamasha.

Idhaa ya BBC iliitangaza mara ya kwanza mwaka 1928, na tangu hapo ni mwaka 1930 pekee ilioacha. Na tangu 1983 kwaya huagiza utungo mpya kila mwaka.