Kuzika Kaboni Chini ya Bahari ya Kaskazini

Kazi ya kuzika hewa ukaa ardhini kwa makusudi ya kuizuia isifike angani ilianza mwaka 1996 katika Bahari ya Kaskazini, kwenye majukwaa ya gesi ya Sleipner, yapata kilomita 250 kutoka pwani ya Norwe. Mbinu zenyewe hazikuwa ngeni. Kemikali za jamii ya amini, ambazo hufyonza hewa ukaa zikiwa baridi na kuiachia zikipashwa moto, zilipewa hataza Marekani mwaka 1930, na viwanda vilizitumia kwa miongo mingi kusafishia gesi ya kuuza. Huko Texas, tangu mwaka 1972, hewa ukaa ilisukumwa katika eneo la mafuta la SACROC ili kuyatoa mafuta yaliyokuwa yamegoma kutoka. Mwaka 1977 mwanafizikia Mwitalia Cesare Marchetti alipendekeza hewa ukaa inaswe na kuzamishwa katika vilindi vya bahari kupitia mkondo mzito wa Gibraltar. Ujuzi ulikuwepo, aliyekosekana ni wa kulipa gharama.

Norwe ilipata jibu kupitia kodi. Gesi ya Sleipner Magharibi ilikuwa na hewa ukaa inayokaribia asilimia 9, ilhali soko la Ulaya halikukubali zaidi ya asilimia 2.5. Kuitenganisha lilikuwa jambo la lazima, na desturi ya wachimbaji ilikuwa kuiachia ipeperuke. Mwaka 1991 Norwe ilianza kutoza kodi ya kaboni iliyoyagusa pia majukwaa ya baharini. Kwa kampuni ya Statoil, ambayo leo inaitwa Equinor, kuachia karibu tani milioni moja kila mwaka kukawa mzigo wa fedha, na kuirudisha chini kukawa biashara yenye maana. Bila kodi hiyo, Sleipner ingekuwa jukwaa la gesi kama mengine.

Mahali palipochaguliwa ni mwamba wa mchanga uitwao Utsira, wenye unene unaozidi mita 200 na uliojaa maji ya chumvi, kati ya mita 800 na 1,000 chini ya sakafu ya bahari. Kina hicho kina sababu. Kwenye shinikizo la namna hiyo hewa ukaa hubanwa hadi kuwa nzito kama kimiminika, hivyo tani nyingi huenea katika nafasi ndogo. Juu ya Utsira lipo tabaka nene la mwamba wa udongo usiopitisha kitu. Hewa ukaa, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji ya chumvi, hupanda, hukutana na dari hilo na kutanda chini yake. Kadiri miaka inavyopita, sehemu yake hunasa katika vitundu vya mchanga na nyingine huyeyuka majini.

Kabla ya kuanza, mwaka 1994, eneo lote lilipimwa kwa mawimbi ya mtetemo, na vipimo vikarudiwa kuanzia mwaka 1999. Picha zilizopatikana ndizo mchango mkubwa wa Sleipner kwa elimu. Hewa ukaa ilionekana ikipanda kupitia tabaka tisa, moja baada ya jingine, kisha ikisambaa chini ya dari bila kulivuka. Baada ya miaka 20 zaidi ya tani milioni 15 zilikuwa zimezikwa.

Mwamba mwingine haukuwa mpole hivyo. Katika In Salah, kwenye jangwa la Algeria, BP, Statoil na Sonatrach walianza kuzika mwaka 2004. Setilaiti zikagundua kwamba ardhi juu ya visima inainuka kwa milimita chache kila mwaka, na shaka ikaingia kuhusu uimara wa dari la mwamba. Kazi ilisimamishwa mwaka 2011 baada ya tani milioni 3.8 hivi. Katika Snøhvit, kaskazini kabisa mwa Norwe, kazi ilianza mwaka 2008, lakini shinikizo lilipanda haraka mno kwa sababu mwamba haukuwa na nafasi iliyotarajiwa. Mwaka 2011 ikabidi kuhamia tabaka jingine. Hakuna aliyedhurika katika visa hivyo, kwa kuwa vipimo vilitoa onyo mapema. Lakini visa hivyo vilithibitisha kwamba kila mwamba lazima uchunguzwe peke yake.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa juu ya ardhi. Sleipner ilikuwa na bahati: kutenganisha hewa ukaa kulikuwa sehemu ya biashara yake tayari. Moshi wa vituo vya umeme ni jambo jingine. Sehemu kubwa yake ni naitrojeni, shinikizo lake ni dogo, na kuzipasha moto amini hula mvuke ambao ungezalisha umeme. Mwaka 2007 Waziri Mkuu wa Norwe, Jens Stoltenberg, aliufananisha mradi wa kunasa hewa ukaa wa Mongstad na safari ya kwenda mwezini. Mwaka 2013 mradi mkuu ulifutwa kwa sababu ya gharama na ucheleweshaji. Mtambo wa kunasa hewa ukaa wa Boundary Dam nchini Kanada ulifunguliwa mwaka 2014, ukashindwa mara kwa mara kufikia lengo la tani milioni moja kwa mwaka. Petra Nova ya Texas, iliyotegemea kuuza mafuta yaliyosukumwa na hewa ukaa, ilizimwa mwaka 2020 bei ya mafuta ilipoporomoka, ikawashwa tena mwaka 2023. Mradi unaoishi kwa bei ya mafuta hauwezi kuitwa nguzo ya kulinda hali ya hewa.

Wananchi nao walikuwa na hofu zao, na si za kupuuzwa. Mwaka 1986 hewa ukaa ya asili ilifumuka kutoka Ziwa Nyos, Kamerun, ikaua watu wapatao 1,700. Huko Barendrecht, Uholanzi, wakazi waliukataa mpango wa kuizika chini ya nyumba zao, na serikali ikauacha mwaka 2010. Februari 2020 bomba la hewa ukaa lilipasuka karibu na Satartia, Mississippi, na watu zaidi ya 40 wakapelekwa hospitali.

Norwe iliendelea. Mwaka 2020 bunge lake liliidhinisha mradi wa Langskip, serikali ikibeba takriban theluthi mbili ya gharama. Hewa ukaa hunaswa katika kiwanda cha saruji cha Brevik, husafirishwa kwa meli hadi Øygarden, kisha hupita katika bomba na kuzikwa mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Uzikaji ulianza mwaka 2025. Kuchagua saruji kulikuwa uamuzi wa busara: sawa na katika tanuu za chokaa za pwani ya Afrika Mashariki, jiwe lenyewe likichomwa hutoa hewa ukaa, hata moto wake ukiwa wa nishati safi. Huko Aisilandi, mradi wa CarbFix ulionyesha mwaka 2016 kwamba ndani ya mwamba wa basalti hewa ukaa inaweza kugeuka jiwe katika muda usiofika miaka miwili, na tangu hapo basalti ya Bonde la Ufa la Kenya imeanza kutazamwa kwa matumaini.

Hata hivyo, hewa ukaa inayonaswa duniani kote kwa mwaka haifiki tani moja katika kila tani 500 zitokanazo na nishati, na sehemu kubwa yake bado hutumika kusukuma mafuta.