Mrehani katika Nyua za Waswahili
Jina la mrehani, mmea mdogo wa majani yanayonukia ambao Linnaeus aliuandika mwaka 1753 kuwa Ocimum basilicum, limetokana na neno la Kiarabu rayhan, na lisichanganywe na rehani ya mkopo, ambayo asili yake ni neno jingine la Kiarabu, rahn. Katika miji ya pwani, kama vile Lamu na Unguja, mmea huu ulioteshwa uani au katika kiwanda, yaani uwazi ulio katikati ya nyumba ya mawe, kwa sababu majani yake yalihitajika mabichi kwa kutunga kikuba, kifurushi cha majani na maua ya harufu ambacho wanawake hukivaa kifuani. Kulihesabu pambo hilo kuwa jambo dogo ni kupuuza elimu ya kilimo iliyohifadhiwa na wanawake.

Mbegu nyeusi za mrehani ni ndogo mno na, zikilowa, hujivika ute unaozishika kwenye udongo, hivyo hunyunyizwa juu juu tu bila kufukiwa sana, kisha vishada vya maua hukatwa mapema ili majani yasikome, isipokuwa vichache vinavyoachwa vikauke kwa ajili ya mbegu. Asumini, mwenzake katika kikuba, kwa kawaida huzalishwa kwa vipandikizi, ilhali giligilani ya jikoni hupondwa kidogo kabla ya kupandwa, kwani kila tembe moja ina mbegu 2.