Bakuli la Saigon, mchele wa Mwea

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, majeshi ya Uingereza na polisi wa kikoloni waliuzingira mji wa Nairobi. Operesheni Anvil ilikuwa imeanza. Bahati, Kaloleni, Pumwani na mitaa mingine ya Eastlands ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, wakisakwa Wakikuyu, Waembu na Wameru walioshukiwa kuwa wa Mau Mau. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini. Baadhi yao walipitia Manyani au Mackinnon Road, kisha wakapelekwa kwenye kambi za Mwea kuchimba mifereji kwa majembe na sululu, ili maji ya mito ya Nyamindi na Thiba yafike mashambani.

Mifereji hiyo ndiyo chanzo cha mchele wa pishori tunaoupika leo. Makala hii inahusu bakuli la chakula, lakini nimeona ni haki kuanza hapo: kuna watu wa mitaa hii hii walioutolea jasho mchele wa Mwea kabla haujapandwa.

Siku hizi vijana wa Umoja, Buruburu na Donholm wanajifunza kwenye simu kuandaa bakuli la Kivietinamu. Chini ni wali au tambi za mchele. Juu yake mboga mbichi, majani yenye harufu, nyama ya kuchoma, karanga na mchuzi mkali wa ndimu. Wapo wanaodhani hicho ni chakula cha Westlands, cha watu wenye pesa. Historia yake inasema vingine.

Kusini mwa Vietnam kuna chakula kiitwacho cơm tấm, wali wa chenga. Mpunga unapokobolewa, punje nyingine huvunjika, na zamani chenga hizo zililiwa na wakulima na vibarua kwa sababu mchele mzima ulikuwa wa kuuzwa. Mji wa Saigon ulipopanuka, wapishi wa barabarani wakauweka wali huo pamoja na nyama ya kuchoma, matango na karoti zilizolowekwa kwenye siki. Leo unauzwa hata kwenye hoteli kubwa. Viwanda vya Mwea navyo hutenga chenga, na bei yake ni nafuu kuliko ya pishori nzima. Anayezipika Dandora au Kayole hana haja ya kuona haya.

Vilivyo juu ya wali navyo vina safari yake. Pilipili na karanga asili yake ni bara la Amerika. Meli za Wareno ndizo zilizosaidia kuzisambaza Afrika na Asia kuanzia karne ya 16. Karoti Vietnam ililetwa na Wafaransa, na kwetu ikaenezwa na walowezi wa Kizungu. Kachumbari ni ya Wahindi. Pwani iliijua kupitia biashara ya bahari, na reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua wapatao 32,000 kutoka India ilifungua njia ya mapishi yao kufika bara. Mwangalie leo kijana mwenye toroli kwenye steji ya matatu: anapasua smokie kwa kisu, anajaza kijiko cha nyanya, kitunguu na dania, kisha anaimiminia pilipili. Mtu huyo tayari ana nusu ya bakuli la Saigon mkononi.

Basi tuandae. Pika wali uchambuke, uuache upoe kidogo. Nyama nunua Burma, soko lenye jina la nchi ambako askari wetu wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni, walipigana katika Vita Vikuu vya Pili. Ikate vipande vyembamba, uipake kitunguu saumu, sukari kidogo na soya sosi, kisha uichome kwenye jiko la makaa. Karoti mpelekee mama mboga wa soko la Mutindwa akukatie. Mtazame anavyoishika kiganjani bila ubao, kisu kikipita karibu na kidole gumba, nyuzi zikidondoka nyembamba kama uzi wa kushonea. Ziloweke kwenye siki na chumvi.

Wavietinamu hutia mchuzi wa samaki wadogo waliochachushwa kwa chumvi. Sisi tuna omena. Chemsha konzi moja kwa chumvi, chuja, tia ndimu, sukari na pilipili. Ladha haitakuwa ile ile ya Saigon, lakini kwa maoni yangu inakaa vizuri zaidi na pishori. Malizia kwa tango, dania, mnanaa na karanga zilizokaangwa na kutwangwa.

Mboga nyingine za Nairobi humwagiliwa maji machafu ya mito yetu, kwa hiyo kila kitakacholiwa kibichi kioshe vizuri kwa maji safi. Na ukifika dukani soma gunia kwanza, kwa kuwa mchele mwingi uliopo Kenya unatoka nje ya nchi, ukiwemo wa Vietnam yenyewe. Ukiweza, chagua wa Mwea.