Usalama wa waendesha baiskeli Kibwezi

Njia ya baiskeli ni sehemu ya barabara iliyotengwa kwa baiskeli, kwa mstari wa rangi au, kwa usalama zaidi, kwa ukingo wa zege. Suala la njia hizi lina uzito Kibwezi, mji wa Kaunti ya Makueni ulio kwenye barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, ambapo pia huanzia barabara ya Mutomo na Kitui. Malori ya kutoka bandari ya Mombasa kwenda Nairobi, Uganda na Rwanda hupita hapa usiku na mchana. Mwendesha baiskeli aliyebeba mitungi ya maji huyumba kwa upepo wa lori linalompita, na pale lami inapokatika ghafla pembeni hana pa kukwepea isipokuwa kuanguka. Usiku, taa na viakisi mwanga ndivyo humwonyesha kwa madereva. Sheria ya Trafiki ya Kenya huweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini. Mwendo huo hupunguza ukali wa ajali, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya njia iliyotengwa. Barabara kuu husimamiwa na KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Njia kama hizo zinawezekana: jijini Nairobi, Barabara ya Thika iliyopanuliwa ilizinduliwa mwaka 2012 ikiwa na njia za baiskeli.